Je, Wajua? Kona na Tairi la Nyuma

Je, wajua kuwa gari refu likikata kona, matairi ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele? Hukata ndani. Basi lenye mita 6 kati ya ekseli zake, ekseli ya mbele ikizunguka duara lenye nusu kipenyo cha mita 10, ya nyuma huzunguka duara la mita 8. Ni hesabu ya Pythagoras ileile ya darasani. Na ndani ya mita hizo 2 ndipo anaposimama anayesubiri kuvuka, ndipo ilipo meza ya muuza karanga.

Ndiyo maana dereva wa semitrela hutanua kulia kabla ya kuingia kushoto. Wewe wa bodaboda, ukiona upenyo unaobaki kushoto kwake usidhani umepishwa. Tela linakuja kuuziba.

Je, wajua kwamba mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yenye mita 18 yasingeweza kukata kona nyingi kama yasingekuwa na kiungo katikati?

Basi tutanue kona? Hapa ndipo watu wanapoumia. Chukua barabara ya mita 7, kivuko kikiwa mita 1.5 kutoka ukingo wa barabara inayoikata. Kona zikiwa na nusu kipenyo cha mita 3, mvukaji hutembea mita 7.8. Zikiwa za mita 10, hutembea mita 16.5. Kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, sekunde 6 na nusu zimekuwa karibu 14. Mama mwenye mtoto mgongoni amekaa barabarani mara mbili zaidi, ili lori linalopita mara moja kwa siku lisihangaike! Mbaya zaidi, magari madogo nayo hupinda pale bila kugusa breki.

Wahandisi makini hutenganisha gari la kila siku na gari la nadra. La kwanza lipite kwa raha; la pili liende taratibu, hata likiazima njia ya wanaokuja. Mstari wa kusimamia ukirudishwa nyuma mita chache, nafasi hiyo hupatikana kwa rangi tu.

Je, wajua ule ukanda wa mawe ulioinuka kidogo kuzunguka kipilefti? Ni wa matairi ya nyuma ya malori.

Marekani, baadhi ya magari ya ngazi ya zimamoto yana madereva wawili: wa nyuma ana usukani wake wa kugeuza matairi ya nyuma.

Ulaya, sheria ya 1996 inataka lori liweze kuzunguka kati ya duara la nje lenye nusu kipenyo cha mita 12.5 na la ndani la mita 5.3. Na kumwona aliyesimama konani je? London, tangu Oktoba 2024, lori linalozidi tani 12 lisipopata nyota tatu kwa jinsi dereva anavyoona kutoka kabini, lazima lifungwe vifaa vya ziada vya usalama.

Na kabla ya kumwaga zege, panga koni barabarani, umwite dereva wa basi refu kuliko yote ya njia hiyo, apite mara tatu.