Mali bila daftari: hesabu ya vipepeo wa nyasi

Ndugu msikilizaji, leo naanza kwa kulipa deni.

Wiki kadhaa zilizopita, katika kipindi hiki hiki, nilisema kwamba vipepeo wamekwisha. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Nilisimulia jinsi nilivyokuwa mtoto kule Morogoro, mwishoni mwa miaka ya themanini, ambapo baada ya mvua za masika uwanja wa nyasi nyuma ya shule yetu ulijaa vipepeo wa njano na weupe, nasi tukiwakimbiza mpaka kengele ilipogongwa. Nikamalizia kwamba siku hizi hawapo tena, na lawama nikazibwaga kwa dawa za kuulia wadudu na kwa wenye kujenga nyumba kila penye nafasi.

Siku nne baadaye ikafika barua. Mwandishi wake alijieleza kuwa mwalimu mstaafu, na barua yenyewe haikuzidi mistari mitatu. "Mwanangu," aliandika, "uliwahesabu lini? Mwaka ule walikuwa wangapi, na mwaka huu ni wangapi? Kama hukuwahesabu, sema unawakumbuka, usiseme wamekwisha."

Nakiri kwamba maneno yale yalininyima usingizi. Tulipokuwa tukisomea stashahada ya uandishi wa habari, mkufunzi wetu hakuchoka kutukumbusha kwamba habari isiyo na ushahidi ni umbeya uliovaa tai. Na mimi nilikuwa nimeuvalisha umbeya wangu tai, nikaupeleka hewani.

Basi nikaanza kutafuta. Je, kuna mahali ambapo watu wamewahesabu vipepeo wa nyasi kwa miaka mingi, wakaandika, wakatunza walichoandika? Wapo, na jinsi walivyofanya ndiyo maelezo yangu ya leo.

Twende Uingereza, katika miaka ya sabini. Kulikuwa na kituo cha utafiti mahali paitwapo Monks Wood, na hapo alifanya kazi mtaalamu mmoja, Ernie Pollard. Swali lake lilikuwa lile lile la mwalimu wangu mstaafu: tutajuaje kama wanapungua? Kuwahesabu vipepeo wote wa nchi haiwezekani. Kuwakamata nako ni kuwasumbua. Pollard akabuni njia rahisi hata mtu aweza kucheka: kutembea kwa miguu.

Mhesabu huchagua njia moja, na njia hiyo haibadiliki. Mara moja kila wiki, kuanzia mwanzoni mwa Aprili hadi mwishoni mwa Septemba, hupita hapo kwa mwendo wa pole. Huhesabu kila kipepeo anayemwona ndani ya upana wa meta tano, yaani meta mbili na nusu kila upande, na meta tano mbele yake. Aliye nje ya hapo, hata awe mzuri namna gani, haandikwi. Hutembea kati ya saa tano kasorobo asubuhi na saa kumi kasorobo alasiri. Mvua ikinyesha, hahesabu. Joto lisipofika nyuzi 13 za Sentigredi, hahesabu. Likiwa kati ya 13 na 17, ni lazima jua liwe linawaka katika sehemu kubwa ya njia.

Msikilizaji waweza kuuliza: ya nini masharti yote hayo kwa wadudu? Jibu ni kwamba kipepeo ni mtoto wa jua. Kukiwa na baridi au upepo mkali hujificha katika majani. Ukihesabu leo kwenye jua na mwakani kwenye mawingu, utakuwa umepima hali ya hewa ukidhani umepima vipepeo. Ni sawa na mwenye duka anayehesabu wateja siku ya mshahara, kisha akahesabu tena tarehe ishirini na mbili, halafu akalia kwamba biashara imekufa. Njia ile ile, saa zile zile, masharti yale yale: hapo tu ndipo tarakimu mbili zinaweza kulinganishwa.

Mpango wa taifa wa Uingereza ulianza rasmi mwaka 1976 ukiwa na vituo 34 tu. Mwaka huo huo nchi ile ilipata kiangazi cha joto kali na ukame, na vipepeo wakawa wengi mno. Mwaka uliofuata aina nyingi zikaanguka vibaya. Fikiri kama hesabu ingekuwa ya miaka hiyo miwili peke yake! Magazeti yangeandika kwamba vipepeo wanatoweka duniani. Lakini mdudu anayeishi kwa majuma machache hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka. Masika njema humwinua, ukame humshusha. Mwelekeo wa kweli huonekana baada ya miaka kumi, ishirini na zaidi, pale mawimbi madogo yanapotulia nawe ukaona kama maji yenyewe yanajaa au yanakupwa.

Kazi hii hufanywa zaidi na watu wa kujitolea, ambao huacha shughuli zao mara moja kwa wiki, wakashika daftari na kalamu. Mfano wao ukaigwa na nchi nyingine. Uholanzi ilianza mwaka 1990, na majirani wakafuata.

Sasa, madaftari ya nchi nyingi yanageukaje kuwa jibu moja? Nitatumia mfano wa sokoni. Watu wa takwimu wanapotaka kujua kama maisha yamepanda, hawapimi bei ya kila kitu. Huchukua kapu moja la unga, mchele, mafuta, sabuni na nauli, wakaangalia bei ya kapu hilo mwaka hadi mwaka. Wataalamu wa Ulaya nao walitengeneza kapu lao. Walichagua aina 17 za vipepeo wa nyasi: saba zinazopatikana karibu kila mahali, na kumi zenye kuchagua sana makao. Mwaka wa kuanzia wakaupa alama 100, kisha wakafuatilia kapu zima.

Mwaka 2013, Shirika la Mazingira la Ulaya, lenye makao yake Copenhagen, lilitoa matokeo ya nchi 19. Kati ya mwaka 1990 na 2011, kapu lile lilikuwa limeshuka karibu nusu. Katika aina zile 17, nane zilikuwa zimepungua, mbili zimesimama pale pale, moja imeongezeka. Na sita zilizobaki? Wataalamu waliandika wazi kwamba mwelekeo wake haujulikani kwa uhakika. Hapo nilijiona mdogo, ndugu msikilizaji. Watu waliotembea kwa zaidi ya miaka ishirini wana ujasiri wa kusema "hatujui" kwa aina sita, nami niliyekumbuka uwanja mmoja wa shule nilitangaza kwamba wote wamekwisha.

Sababu za kupungua huko ni mbili, na zinashangaza kwa kuwa moja ni kinyume cha nyingine. Ya kwanza ni ardhi kutumiwa kupita kiasi. Katika nchi za kaskazini-magharibi mwa Ulaya, malisho ya zamani yalilimwa, au yalimwagiwa mbolea nyingi za chumvichumvi. Mbolea hustawisha nyasi ndefu chache, zikasonga maua madogo ambayo viwavi huyala. Nyasi hukatwa mapema na mara kwa mara, kabla kiwavi hajapata mbawa. Ya pili ni ardhi kuachwa. Katika milima na vijiji vya kusini na mashariki, vijana walikimbilia mijini, mbuzi na kondoo wakapungua, na nyasi zikageuka vichaka. Kipepeo wa nyasi hawezi kuishi kichakani. Kwa maneno mengine, anamhitaji mchungaji, ila mchungaji wa kiasi.

Kisa cha kipepeo mmoja kinatosha kulifafanua jambo hili. Uingereza ilikuwa na kipepeo mkubwa wa rangi ya buluu, ambaye kitaalamu huitwa Phengaris arion. Watu walimpenda, wakaogopa kwamba wakusanyaji wangemmaliza. Wakamtengea maeneo ya kumlinda. Lakini aliendelea kupungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 1972 mtafiti kijana, Jeremy Thomas, alianza kumchunguza kipepeo huyu siku baada ya siku, akihesabu mayai, viwavi na vifo.

Aligundua jambo la ajabu. Kiwavi wa kipepeo huyu huanza kwa kula maua ya mmea mdogo wenye harufu nzuri, kisha hujiangusha chini. Sisimizi mwekundu humwokota akidhani ni mtoto wake, akambeba hadi shimoni. Humo kiwavi huishi karibu miezi kumi akila watoto wa sisimizi. Tena si sisimizi yeyote. Ni wa aina moja hasa, na aina hiyo hutaka udongo wenye joto, wenye nyasi fupi zilizoliwa sana na mifugo. Wakulima walikuwa wameacha kuchunga katika miteremko ile, na sungura waliokuwa wakizipunguza nyasi walikuwa wameuawa na maradhi yaliyoingia nchini mwaka 1953. Nyasi zilirefuka kwa sentimita chache tu. Udongo ukapoa, sisimizi akahama, na kipepeo akakosa mlezi.

Jibu lilipatikana, lakini lilichelewa. Mwaka 1979 kipepeo yule alitoweka kabisa Uingereza. Hata hivyo, kwa kuwa sasa sababu ilijulikana, mifugo ilirudishwa, nyasi zikafupishwa, na kuanzia mwaka 1983 vipepeo wa aina hiyo waliletwa kutoka Sweden. Wamestawi na kuenea katika maeneo kadhaa ya kusini-magharibi mwa Uingereza. Daftari lilionyesha kwamba anapungua, uchunguzi ukaonyesha kwa nini, na mikono ya watu ikamaliza kazi. Ukiondoa kimoja katika hivyo vitatu, kipepeo yule asingerudi.

Leo hesabu hizi zimeingia hata katika sheria. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kurejesha mazingira ya asili, iliyoanza kutumika Agosti 2024, inazitaka nchi wanachama zionyeshe maendeleo katika angalau vipimo viwili kati ya vitatu kwenye ardhi ya kilimo. Kimojawapo cha vipimo hivyo vitatu ni kapu la vipepeo wa nyasi. Hebu tafakari: kile alichokianza Pollard kwa miguu yake, sasa waziri wa kilimo anaweza kuulizwa habari zake.

Nasi huku Afrika yanatuhusu nini? Yupo kipepeo mmoja wa rangi ya machungwa na mabaka meusi, Vanessa cardui, anayepatikana hata hapa Afrika Mashariki. Kila mwaka wenzake wa magharibi ya bara letu huvuka Sahara wakaenda Ulaya. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba wakifika kule kaskazini hufa wote bila uzao wao kurudi. Mwaka 2009 walifika kwa wingi, na maelfu ya wahesabu wa kujitolea waliandika walichokiona. Hesabu hizo zikiunganishwa na rada ndipo ikafahamika kwamba wajukuu zao hurudi kusini wakati wa vuli, wakiruka juu mno, meta mia kadhaa kutoka ardhini, mahali ambapo jicho haliwafikii. Safari nzima ya kwenda na kurudi huzidi kilomita 14,000, na hukamilishwa na vizazi hadi sita. Ndugu zetu wale walikuwa wakirejea nyumbani juu ya vichwa vya watu miaka yote hiyo, na hakuna aliyejua.

Sasa nimgeukie mwalimu wangu mstaafu. Shikamoo, mwalimu. Ulisema kweli. Ninawakumbuka vipepeo wa Morogoro, na kumbukumbu hiyo ni yangu, lakini haikuwa hesabu. Huenda nilikumbuka mwaka mmoja wa masika njema, nikausahau mwingine wa ukame. Huenda pia ni kweli kwamba wamepungua. Tofauti kati ya mawili hayo haiko kichwani mwangu. Ingekuwa katika daftari ambalo hakuna aliyeniambia niandike.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaujua msemo huu dukani na katika vyama vyetu vya kuweka na kukopa. Tunausahau tukifika kwenye nyasi, mito na samaki.

Jumamosi iliyopita nilinunua daftari la shule la kurasa arobaini. Karibu na ninapoishi kuna kipande cha nyasi kando ya mfereji, ambacho bado hakijauzwa. Nilichagua njia ya hatua mia mbili, nikatembea pole pole saa tano na nusu asubuhi, jua likiwaka. Watoto walinifuata wakiuliza nimepoteza nini. Niliwahesabu vipepeo kumi na mmoja. Tarakimu hiyo kwa leo haina maana yoyote, nami siwezi kuitumia kulaumu mtu wala kumsifu. Itaanza kuwa na maana nikirudi Jumamosi ijayo, na nyingine, na mwakani, na miaka kumi baadaye.

Nikikosa kurudi, mwalimu, nitumie barua nyingine.

Hadi wiki ijayo, ndugu msikilizaji, kwaheri.