Maji ya Masika na Mji wa Unguja: Yalikuwa Yakienda Wapi?

Msomaji uliyezaliwa Malindi, Vuga au Kiponda, na leo uko Maskati, Dubai au London, bila ya shaka unayakumbuka masika. Mvua ikishika, vichochoro hugeuka mito midogo, na mwenye shughuli zake hupita juu ya baraza, moja baada ya nyengine, asitie mguu majini. Wengi hudhani baraza zilijengwa kwa kahawa na mazungumzo tu. Zilikuwa pia njia ya kupita wakati wa mvua, na kinga ya sehemu ya chini ya ukuta.

Katika makala haya tunakusudia kueleza maji hayo yalikuwa yakienda wapi, njia zake zilizibwa vipi, na lipi linaweza kufanywa. Jambo hili si la wahandisi peke yao. Nyumba tulizoachiwa na wazee wetu zinaanguka, na maji ni miongoni mwa maadui wakubwa wa nyumba hizo.

Unguja hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa hunyesha katika misimu miwili: masika, baina ya Machi na Mei, na vuli, baina ya Oktoba na Disemba. Mji Mkongwe umejengwa juu ya rasi ya Shangani. Nyuma yake palikuwa na hori la bahari lililoingia kwa upande wa Funguni na kuelekea kusini hadi karibu na Mnazi Mmoja. Bahari ikijaa wakati wa bamvua, mji ulikaribia kuwa kisiwa. Ndiyo asili ya majina Darajani na Ng'ambo.

Hori hilo lilikuwa jaa la mji. Dk. James Christie, tabibu aliyeishi Unguja na kuchapisha kitabu chake juu ya kipindupindu mwaka 1876, aliueleza uchafu wa mji wa zama zile. Kwa hivyo, Waingereza walipolijaza hori kidogo kidogo katika karne ya 20, walikuwa na hoja ya afya. Lakini hori lilikuwa na kazi ya pili. Lilikuwa bonde la kupokea maji ya mvua kutoka pande zote mbili, likayaweka mpaka bahari itoke. Lilipofukiwa, maji yalikosa pa kupumzikia, na badala yake ikabaki mitaro.

Mitaro hiyo ina matatizo matatu. La kwanza ni ardhi iliyozibwa. Udongo na mawe ya matumbawe hunywa maji. Saruji, lami na mabati hayanywi. Kila uwanja unaotiwa saruji huongeza maji ya mtaroni na huyafanya yafike kwa pamoja. La pili ni bahari yenyewe. Baina ya maji kujaa na kutoka wakati wa bamvua kuna tofauti ya karibu mita 4. Mvua kubwa ikikutana na maji kujaa, mdomo wa mtaro huwa chini ya bahari, na maji hurudi mitaani. La tatu ni uchafu. Sayyid Barghash aliuletea mji maji safi kwa mabomba kutoka Chemchem, na hiyo ni fadhila isiyosahaulika. Lakini maji yaingiayo nyumbani hapana budi yatoke. Pale maji ya choo na ya mvua yanapochanganyika katika mtaro mmoja, mafuriko huwa maradhi.

Dawa yake inajulikana. Kwanza ni kuyatenga maji ya mvua na ya choo. Pili ni kuyachelewesha kwa mashimo ya kunywea maji, bustani na mabwawa, ili yasifike yote kwa saa moja. Tatu ni kuyasafisha: chujio la chuma huzuia taka, shimo la kutulizia huacha mchanga na tope vizame, na bwawa lenye mimea hupunguza uchafu uliobaki. Maji ya mwanzo wa mvua ndiyo machafu zaidi, kwani hukosha mafuta na vumbi la barabarani, na hayo ndiyo ya kusafishwa kabla hayajafika baharini. Mwisho, mdomo wa mtaro hutiwa kilango kinachofunguka kwa nje tu, ili bahari isiingie.

Kazi imeanza. Mradi wa ZUSP, uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulijenga mitaro mikubwa ya kuyatoa maji ya mabonde ya Ng'ambo hadi baharini. Lakini mtaro usiozolewa mchanga na plastiki ni mtaro wa msimu mmoja. Ndugu zetu wa Matrah wanalijua hili: soko lao limekaa penye mdomo wa wadi, na wadi likishuka hupita lilipozoea kupita.

Zipo pia kazi zetu wenyewe. Nyumba ya kale ilikuwa na mlizamu wa kulitupa maji mbali na ukuta, na ua wa ndani wenye tundu la kutolea maji. Ukuta wake wa mawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Sisi wenyewe, tulipotengeneza nyumba ya marehemu baba yetu, tulimwachia fundi apige lipu ya saruji kwa sababu ilionekana madhubuti. Baada ya masika machache, unyevu uliofungiwa ndani uliibandua lipu pamoja na mawe, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vikaoza. Tulilazimika kuanza upya kwa chokaa, kwa gharama kubwa zaidi.

Kwa hivyo tunawaomba wanaotuma fedha za matengenezo waulize kwanza juu ya paa, mlizamu na tundu la uani kabla ya rangi na milango. Na wenye picha, hati au kumbukumbu za visima, mabirika na mitaro ya nyumba zao tunawaomba waziandike pamoja na jina la mtaa, kabla wanaozijua hawajatutoka. Mhandisi atakayechimba Mji Mkongwe kesho atahitaji kujua mababu walipitisha maji wapi.