Imani Mbele ya Jirani

Katika somo lililopita tulisema ya kwamba kila aliyebatizwa ametumwa. Wengi hudhani kazi hiyo ni ya padri, ya masista, na ya mkatekista mwenye kitabu mkononi. Basi tutazame habari za Mwenye Heri Isidore Bakanja, kijana wa nchi yetu hii ya Kongo.

Bakanja alikuwa mwashi, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906 katika Equateur. Hakusomea ukatekista. Alichukua rozari na skapulari yake, akaenda kufanya kazi katika mashamba ya mpira, mahali pasipo misioni wala padri, na huko akawafundisha wenzake sala. Msimamizi alimwamuru aivue skapulari. Alipokataa, akapigwa kwa mjeledi wenye misumari. Vidonda vikaoza, naye akafa tarehe 15 Agosti 1909, akiisha kumsamehe aliyempiga. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Hapa Vuhovi hatupigwi kwa ajili ya skapulari. Sisi tulijaribiwa kwa njia nyingine. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikafika hata kwetu, na mpaka ilipokwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200. Kanisani tuliacha kupeana mikono ya amani. Hilo halikuwa kosa. Ilikuwa ni busara. Lakini wako waliokataa hata kusalimu kwa mdomo. Mtu aliyepona alirudi nyumbani na karatasi yake ya hospitali, wala hakuna aliyenunua maharagi yake. Tena tuseme kweli: miongoni mwa waliopita mlangoni pake wakitazama upande wa pili walikuwamo Wakristu watokao Misa. Nasi tulikuwamo.

Ndipo mama wawili wa shirika moja walipochukua majembe yao, wakapalilia shamba la mtu wa namna hiyo. Hawakuhubiri neno. Siku ya tatu mwenye shamba, ambaye kwa miaka mingi hakukanyaga kanisa, akauliza: «Mama zangu, mbona ninyi hamniogopi?» Mmoja akajibu kwa Kinande, maana ndiyo lugha ya mekoni kwetu: «Daktari amesema umepona. Naye Bwana wetu aliwagusa wenye ukoma.» Kisha wakaendelea kulima.

Mtume Petro, katika barua yake ya kwanza, sura ya 3, anatutaka tuwe tayari kumjibu kwa upole kila atuulizaye sababu ya matumaini yetu. Angalieni utaratibu wake: swali latangulia. Sisi mara nyingi twamjibu jirani asiyeuliza, halafu twalalamika kuwa moyo wake ni mgumu! Wala tusimvute mtu kwa chumvi na sabuni. Mtu aliyenunuliwa leo atanunuliwa na mwingine kesho. Lakini aliyeulizwa, kisha akalificha jina la Kristu kwa haya, amemnyima jirani chakula alichokuja kuomba.

Kabla ya somo lijalo, kila shirika likae, litafute nyumba moja ya karibu isiyobishwa hodi na mtu. Msiandike jina lake katika daftari. Waende wawili tu, tena wasiende mikono mitupu: msimu huu watu wanapalilia.