Je, Wajua? Chura wa Kihansi Hatagi, Huzaa

Vyura wengi hutaga mayai majini, yakaanguliwa viluwiluwi, kisha viluwiluwi wakaota miguu. Chura wa Kihansi hafuati njia hiyo. Mayai yake hurutubishwa ndani ya mwili wa jike, na watoto hukulia humo humo, hatua ya kiluwiluwi ikiwemo, hadi wanapozaliwa wakiwa vyura kamili wa milimita 5 hivi. Ngozi ya tumbo la mama ni nyembamba kiasi kwamba wachanga huonekana wakiwa bado ndani!

Chura huyu wa rangi ya dhahabu, asiyefikia sentimita 3, aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, Tanzania. Hana makazi mengine ya asili duniani.

Uhai wake ulitegemea rasharasha za maporomoko. Bwawa la umeme lilipochepusha sehemu kubwa ya maji mwaka 2000, rasharasha zilipungua mno. Kwa bahati nzuri, vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani, wakazaliana katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2009 ilitangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2012 uzao wao ulianza kurudishwa Kihansi, ambako yalikwisha kufungwa mabomba ya kunyunyizia maji mimea ya korongo.