Kuupiga Picha Mto Kanoni

Sisi wakazi wa Hamugembe twauona mto Kanoni kila mara, lakini wanaoutazama ni wachache. Wapita mjini Bukoba, wamwaga maji yake katika Ziwa Viktoria, nasi twaukumbuka unapofurika.

Siku hizi kijana mwenye simu ya mkononi aweza kutengeneza sinema ya mto. Ni kazi njema, ila yataka uangalifu. Mwaka 2004 Bwana Hubert Sauper wa Austria alitoa sinema iitwayo Darwin's Nightmare, aliyoipiga Mwanza, juu ya biashara ya sangara na maskini waishio kando ya ziwa. Ulaya ilisifiwa sana. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaumu hadharani. Sitaki kuamua ugomvi ule. Naona tu kwamba ilionyeshwa kwanza Venice, Italia, mbali mno na wale waliopigwa picha.

Basi kijana wetu na aanze juu, ateremke na maji mpaka ziwani. Achague mahali pamoja, apige picha kiangazi, kisha arudi masika asimame pale pale. Asipofanya hivyo mtazamaji hatajua mto umepanuka kiasi gani. Wala asidhani kwamba habari ya mto huishia penye mpaka wa kata. Gugu maji lililoziba fukwe za Ziwa Viktoria miaka ya 1990 lilishuka na mto Kagera kutoka Rwanda.

Shida kubwa i ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Je, mama alimaye mchicha hapo apigwe picha? Akipigwa bila kuulizwa, sinema yageuka hati ya mashtaka juu ya mtu asiye na shamba jingine, na aliyetupa taka usiku haonekani kabisa. Tena mama huyo ndiye awezaye kuonyesha kwa kidole maji yalifika wapi ukutani. Hapana budi aelezwe na kuombwa ruhusa. Akikataa uso wake usionekane, ipigwe mikono yake na sauti yake, kama ameikubali.

Kazi ikiisha, ionyeshwe Hamugembe kwanza, jioni, kwa shuka jeupe ukutani, na mama yule apewe kiti cha mbele.