Uadilifu Uanzie Darasani, Usiishie Hapo

Mwezi wa Desemba mwaka 2018, mitihani ya Kidato cha Pili ilifutwa Unguja na Pemba baada ya kubainika kwamba imevuja. Mwanafunzi aliyekesha na vitabu vyake na yule aliyekwisha kuiona karatasi kabla ya siku yake walifutiwa sawasawa. Miezi miwili kabla ya hapo, huko Tanzania Bara, Baraza la Mitihani lilikuwa limefuta matokeo ya darasa la saba ya shule zote za Halmashauri ya Wilaya ya Chemba, mkoani Dodoma, kwa sababu ya udanganyifu.

Mambo kama haya yanapotokea, wepesi wetu ni kuwalaumu vijana. Lakini karatasi ya mtihani haitungwi na mtoto, haipigwi chapa na mtoto, wala haifungiwi kabatini na mtoto. Ni amana iliyomo mikononi mwa watu wazima.

Tunasema haya kwa sababu tunaunga mkono kwa moyo wote rai ya kuwafundisha wanafunzi wetu uadilifu na misingi ya maadili. Samaki mkunje angali mbichi. Hata hivyo, hatuoni faida ya kuwaongezea orodha ya makatazo. Makatazo wanayo, wameyasikia chuoni, nyumbani na shuleni. Kilichopungua ni mazoezi ya kupima: kwa nini tendo liwe ovu hata pale ambapo hapana anayeliona?

Wenye hekima wametuachia mizani kadhaa. John Stuart Mill, Mwingereza wa karne ya 19, alifundisha kwamba tendo lipimwe kwa matokeo yake kwa watu wote linaowagusa, si kwa mtendaji peke yake. Immanuel Kant, Mjerumani, katika kitabu alichokitoa mwaka 1785, alimtaka mtu ajiulize kama angekubali jambo alitendalo liwe kanuni ya watu wote. Aristotle wa Uyunani, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alisema kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kuzoea kutenda uadilifu, kama vile mwashi anavyokuwa mwashi kwa kujenga. Fikra hiyo iliendelezwa na wanazuoni wa Kiislamu, miongoni mwao Ibn Miskawayh, aliyefariki mwaka 1030.

Mwalimu na aiweke karatasi iliyovuja juu ya mizani hizo. Kwa mizani ya kwanza, alama alizojipatia mmoja zinalipwa na mgonjwa atakayetibiwa na tabibu asiyesoma. Kwa ya pili, wote wakiiba, cheti hakina maana tena, na mwizi mwenyewe hapati kitu. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2018. Kwa ya tatu, mkono uliozoea kunakili leo ndio utakaotia saini stakabadhi ya uongo kesho.

Kisha awape jambo gumu zaidi. Rafiki aliyefiwa na mzazi, asiyepata nafasi ya kusoma, anaomba kuonyeshwa jibu. Hapo huruma na ukweli vinavutana. Wanafunzi waachwe wabishane kwa hoja, kwani anayekariri tu jibu la mwalimu huku moyoni hajakinai atalisahau siku atakapojaribiwa.

Sasa tunawageukia watumishi wa Serikali. Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu Uchumi Zanzibar iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012, na kazi yake ni ya lazima. Lakini mara nyingi sheria humfikia mtu akiwa amekwisha kutenda. Mtoto anayemwona baba yake akitoa "chai" ili faili lake lisogee, au anayesikia kwamba kazi hupatikana kwa kujuana, amekwisha kupata somo ambalo hapana mwalimu awezaye kulifuta kwa vipindi viwili vya juma.

Kwa maoni yetu, somo hili lipewe nafasi yake katika ratiba na walimu waliotayarishwa. Pamoja na hayo, kila mkono unaopitiwa na mtihani ujulikane na uandikwe, na mtihani ukivuja, wananchi waambiwe ni mkono upi uliofungua bahasha na hatua gani imechukuliwa. Hapana haki kumtaka kijana wa miaka kumi na mitano ailinde amana ambayo sisi wakubwa wake tumeshindwa kuilinda.