Chupa Tupu Zina Pesa, Ila Jua Hesabu Yake

Garissa ni mji wa joto, na mji wa joto hauishi chupa za maji. Kuanzia stendi ya mabasi hadi Suuq Mugdi, chupa zinanunuliwa, zinanyweka, zinatupwa. Halafu kuna jerikeni zilizopasuka, mabeseni, ndoo na viti vilivyovunjika. Zikibaki nje, hasara ni yetu sote. Mfugaji anaijua vizuri: mbuzi akimeza karatasi za plastiki, tumbo linaziba na anakonda mpaka anakufa, hata kama malisho yapo.

Tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni marufuku Kenya. Lakini chupa na jerikeni bado ziko, na kuna watu wanaoziokota na kuziuza kwa kilo. Wengi wao hulipwa kwa simu. Leo tunaeleza hiyo pesa inatoka wapi, na kwa nini watu wawili wanaweza kubeba mzigo sawa na kupata malipo tofauti.

Plastiki si moja

Angalia chini ya chombo chochote. Utaona pembetatu yenye namba. Namba 1 ni chupa za maji na soda. Namba 2 ni jerikeni na mitungi mingi. Namba 5 huwa kwenye ndoo na viti vingi. Kila aina huyeyuka kwa joto lake, ndiyo maana kiwanda hakitaki mchanganyiko.

Hauna uhakika? Jaribu maji. Kipande cha chupa ya namba 1 kinazama, kifuniko chake kinaelea. Hata viwanda hutumia njia hiyo baada ya kusaga. Kutoka hapo plastiki huoshwa, huyeyushwa na kuwa punje za kutengenezea bidhaa mpya. Nairobi, kampuni ya Gjenge Makers huchanganya plastiki na mchanga kutengeneza kabro. Kule Lamu, jirani zetu walijenga jahazi zima la plastiki iliyotumika, Flipflopi, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar.

Hesabu ya kilo

Chupa tupu ya maji ya nusu lita haifiki gramu 20. Kwa hivyo kilo moja ni zaidi ya chupa 50. Ni kuinama mara nyingi!

Sasa tuseme, kwa mfano tu, mnunuzi analipa shilingi 15 kwa kilo ya mchanganyiko, 25 kwa chupa safi zilizochambuliwa, na 20 kwa vifuniko. Una kilo 40. Ukiuza hivyo hivyo unapata 600. Ukitoa vifuniko, unabaki na kilo 36 za chupa, yaani 900, na kilo 4 za vifuniko, yaani 80. Jumla ni 980. Mzigo ni ule ule, lakini umeongeza shilingi 380 kwa kukaa kivulini na kuchambua.

Tatizo la pili ni barabara. Viwanda vikubwa viko Nairobi, zaidi ya kilomita 350 kutoka Garissa, na Dadaab ni mbali zaidi. Lori la chupa zisizokanyagwa linabeba hewa, na gharama ya hiyo hewa inakatwa kwenye bei yako. Kanyaga chupa, ungana na wenzako kwenye kikundi, na mkusanye mzigo wa kutosha kabla ya kumwita mnunuzi. Kusafirisha taka kunahitaji leseni ya NEMA, basi ni heri kumuuzia aliye nayo.

Simu yako ni daftari, lakini nusu tu

Ujumbe wa malipo unaonyesha kiasi, tarehe na jina. Hauonyeshi kilo. Kwa hivyo:

1. Shuhudia mizani. Hakikisha inasoma sifuri kabla gunia halijawekwa, kisha andika kilo na bei.

2. Gawanya pesa uliyopokea kwa kilo. Jibu lisipolingana na bei mliyokubaliana, uliza hapo hapo, kabla mkokoteni haujaondoka.

3. Angalia salio, usiamini ujumbe peke yake. Ujumbe wa uongo ni rahisi kuandika, lakini salio halidanganyi.

4. Mtu akikupigia kwamba amekutumia pesa kwa makosa, usimrudishie mwenyewe. Mwambie apige simu kwa huduma kwa wateja. Na namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata akisema ni sisi.

5. Usitoe pesa kidogo kidogo kila siku. Ada za kutoa, ukizijumlisha, zinakula kilo kadhaa za jasho lako. Toa mara moja, au tuma moja kwa moja kwenye ayuuto au chama chako.

Rekodi ya miezi sita ina nguvu. Hata kama hutaki mkopo wenye riba, inakusaidia kumwonyesha mnunuzi kwamba unaleta mzigo kila wiki, na kumwomba bei bora au malipo ya mapema. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapotoka. Wewe unayechambua leo tayari unaijua hiyo kazi. Hakikisha unalipwa kama mtu anayeijua.